Mpaka Wapi Watakusindikiza

Gerejini, Manzese
Alasiri

Tausi,

Salamu sikuandikii, maana nyumba yetu ni moja na asubuhi umenipa shikamoo ya pembeni ya mdomo, nami nikaipokea hivyohivyo. Barua hii ni ya yale ambayo mdomo wangu umeshayaharibu. Nimewaruhusu mafundi mapema, nimekaa ndani ya lori bovu la mteja, karatasi iko juu ya usukani. Wewe ndiye wa kidato cha nne, mie niliishia darasa la nne, kwa hiyo ukiona herufi zimepinda ujue ni hasira. Ujinga pia upo, lakini leo hasira imetangulia.

Kesho unapanda meli ya Mtwara na kikundi chenu, mvuke Ruvuma, mkajenge shule Msumbiji, na mkimaliza mtembee nchi ya watu mpaka mchoke. Na mie Jumapili, nje ya ukumbi mlikoagwa, nilikuambia sitakusindikiza. Tangu hapo mama yako ananiwekea chakula mezani kama anamwekea mpangaji. Kuhusu chandarua, vidonge vya malaria na hela za kushonea kwenye upindo wa sketi, yeye ameshakupa darasa na mie sina la kuongeza. Langu ni kukueleza kwa nini nilisema neno lile, kwa sababu najua unadhani baba yako anakuonea wivu. Wivu wa nini? Mie nimelala Tunduma, Kapiri na Lubumbashi. Nimeshuka mteremko wa Kitonga usiku na mzigo wa shaba, breki zinanuka kama nywele zinazoungua, na abiria niliyempa lifti akatubu dhambi zote mpaka za jirani yake. Safari siioni ajabu.

Kilichonichoma ni sentensi yako moja.

Ulisimama mbele ya watu umevaa ile fulana mpya ya kikundi, yenye picha ya mikono miwili, mmoja juu unatoa, mmoja chini unapokea. Ukasema, kwa sauti nzuri ya risala, kwamba mnakwenda kuwasaidia ndugu zetu wasio na kitu. Watu wakapiga makofi. Yule mratibu wenu mwenye tai akainuka akaongeza kwamba nyie mtakuwa taa katika maisha yao. Taa. Tandale yetu umeme unakatika kila tukibandika wali jikoni, leo tunasafirisha taa nje ya nchi. Nikainuka nikatoka, soda yangu nikaiacha mezani haijafunguliwa, na unanijua mie, sijawahi kuacha soda ya bure tangu nizaliwe.

Ukanifuata nje. Ukasema nimekuaibisha. Nikakuuliza nani huyo asiye na kitu. Ukajibu, "Baba, si vita? Wamepoteza kila kitu." Nikakuuliza kama umewahi kumwona hata mmoja. Ukatazama fulana. Hapo ndipo nikasema, "Basi mie sikusindikizi."

Bibi yako mzaa mama alitoka Mueda, Tausi. Alivuka Ruvuma na chungu kichwani na chale usoni, akaja kukata mkonge huku, akazaa, akalea, akamzika mume, akajenga kibanda ambacho mpaka leo kina wapangaji. Ungemwambia uso kwa uso kwamba kwao hawana kitu, angekutandika na mwiko kisha angekupakulia ugali. Hao unaokwenda kuwawashia taa ni wajomba zako. Hilo peke yake lilitosha kunitoa ukumbini.

Lakini bado ningerudi na kuinywa soda yangu. Kilichonimaliza ni jioni ile nyumbani. Mratibu aliwaambia kila mmoja alete nguo za kugawa. Nikakukuta umemwaga sanduku lote mkekani unachambua. Nzima unaweka upande wako. Zilizochanika, zilizopauka, zisizo na vifungo, unaweka upande wa Msumbiji. Nguo zenyewe tulizinunua mitumbani Manzese, kwa hiyo unawapelekea mitumba ya mitumba. Nikasimama mlangoni nikikutazama, na nikamwona mtu mwingine kabisa. Nilijiona mie.

Ngoja nikueleze, na usiruke mistari.

Ulikuwa darasa la tano wageni walipokuja kujenga darasa shuleni kwenu. Vijana wa Kizungu, weupe mpaka unaona mishipa, wamejilipia nauli kutoka huko kwao kuja kujitolea. Wakahitaji mkalimani. Nani mwingine Tandale nzima? Kiingereza changu nilikiokota njiani, kwa madereva wa Zambia na maaskari wa mpakani. Ni Kiingereza cha matairi na vibali, lakini kinakwenda. Nikajipeleka mwenyewe. Wiki ile nilikuwa mtu. Wakanipa kofia. Watoto wakaanza kuniita Mista. Nikawasimulia Kitonga mara tatu, na kila mara mteremko ulikuwa mrefu zaidi.

Siku moja mmoja wao akaja na kamera kubwa. Wewe ukasikia kuna picha. Hakuna aliyekutuma, ulikimbia nyumbani mwenyewe, ukaoga, ukajipaka mafuta mpaka magoti yakang'aa, ukavaa gauni la Idi, lile la njano lenye mkanda wa kufunga nyuma. Ukaja ukasimama sawasawa, mikono ubavuni, kama unaapishwa. Yule mpiga picha akakutazama, akaniinamia sikioni, akasema maneno yake. Na mie nikayatafsiri. Hayo ndiyo nimekuwa nayo miaka yote hii. Nikasema, "Tausi, nenda kavae lile la jana."

Ukauliza, "Lile lililochanika, baba?"

Nikasema, "Hilohilo. Fanya haraka, wageni wanangoja."

Ukaenda, ukarudi nalo. Ukapigwa picha. Hukucheka, na yule bwana akafurahi kwamba hukucheka. Jioni nikamsimulia mama yako kama kichekesho, jinsi Wazungu wasivyojua gauni zuri. Akaniuliza, "Na wewe ulisemaje?" Nikamwambia. Akaondoka chumbani.

Sikuandikii haya ili unihurumie. Nataka uone jinsi jambo lenyewe linavyokwenda, kwa sababu kesho kutwa litakuwa mkononi mwako. Yule mpiga picha hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, aligawa peremende, alilia alipoona mtoto ana kidonda. Ila alikuja na picha yake kichwani tayari, akatafuta wa kuijaza. Na akapata baba mpenda sifa wa kumsaidia. Sasa na wewe una picha kichwani tayari, umeivaa kifuani kabisa, na una fungu la nguo za kuwavisha watu ili wafanane nayo. Lile la jana, Tausi. Ulikuwa unawapakia lile la jana.

Ndiyo maana sikuweza kusema nawe kwa upole. Ningekuwa na elimu labda ningepata neno zuri. Nilichokuwa nacho ni hicho cha kukataa kukusindikiza, na nilikitupa kama mtu anavyotupa spana.

Kujitolea nakujua. Nilipokuwa kijana ilikuwa unatoka na jembe lako kuchimba mtaro wa mtaa wako, na mvua ikinyesha unatazama kama maji yanakwenda ulikoyaelekeza. Usipochimba vizuri yanaingia kwako. Hakuna aliyekupigia makofi wala kukupa fulana. Siku hizi mambo yote ruksa, viwanda vinauzwa, na naona neno nalo limebinafsishwa. Mtu anakwenda nchi ya watu anachimba mtaro ambao maji yake hayatamfikia kamwe, kisha anaaga anakwenda kutazama tembo.

Na tembo sina ugomvi nao. Nikuambie kitu kitakachokushangaza: katika safari yenu yote, sehemu ninayoiamini ni ile ya mwisho, ya kutembea. Mratibu anaitaja kwa sauti ya chini kama bia, eti mapumziko kidogo baada ya kazi. Mwenzio naona hiyo ndiyo yenye ukweli. Mtu anayetembea anajua kwamba hajui. Anauliza njia, anauliza bei, anauliza hii inaliwaje. Ekseli yangu ilipokatika karibu na Mpika, kule Zambia, nilikaa kwa watu siku ambazo sikuzihesabu nikingoja spea. Bibi mwenye nyumba akanimwagia mahindi mbele yangu nipukuchue na watoto. Mie, dereva wa lori la tani thelathini, nikapukuchua mahindi mpaka vidole vikatoka malengelenge, wanawake wananicheka kwa Kibemba, na sijawahi kulala usingizi mzuri kama ule. Hakuna aliyeniita msaada. Nilikuwa mtu aliyeharibikiwa na gari, basi.

Sasa rudi kwa wale Wazungu, maana sijamaliza.

Siku ya mwisho wa kazi yao, kina mama wa mtaani walichanga wakapika pilau, wakalibeba sufuria mpaka shuleni kuwaaga. Gari la kuwapeleka mbugani likafika kabla ya sahani. Wakaanza kukimbilia mabegi. Na unajua sie tulivyo, mgeni akitoka mwenyeji humpokea mzigo akamsindikiza. Kumwacha mgeni abebe mwenyewe ni kama kumfukuza. Mama yako akanyoosha mkono kupokea begi la msichana mmoja, Katarina. Msichana akalivuta akalikumbatia kifuani kwa nguvu zote. Alidhani anaibiwa. Gari likaondoka. Mama yako akabaki na mkono wazi, na pilau likaliwa na watoto wa shule, ambao kwa kweli walilitendea haki.

Nilitukana siku ile mpaka nikaishiwa.

Mwezi ule haujaisha, tukasikia hodi. Hodi ya sauti, kisha kimya, kisha hodi tena, kama inavyotakiwa, mtu hachungulii dirishani wala hasukumi mlango. Natoka, ni Katarina, peke yake, ngozi imembabuka puani, kikapu cha machungwa mkononi na begi lile lile mgongoni. Wenzake wameshapanda ndege. Yeye alikuwa amewaacha mbugani akapita zake Tanga, akaharibikiwa na basi kule Muheza, akalala kwa watu wasiojua kama aliwahi kujenga chochote. Asubuhi yake mwenye nyumba alimpokea begi, akalibeba mpaka stendi, akamkabidhi, akageuka akarudi shambani. Katarina akasimama pale stendi akaelewa.

Hakueleza yote hayo mlangoni, yalikuja baadaye kidogo kidogo. Mlangoni alilivua begi, akalinyoosha kwa mikono miwili, akasema kwa Kiswahili chake cha kubabaisha, "Mama, begi."

Mama yako akalipokea. Ndiyo hivyo tu. Mie nikajifanya nahesabu machungwa.

Alikaa kwetu, unamkumbuka, ulikuwa unamfundisha kuhesabu. Mama yako akampa mchele apembue, akaacha mawe akatupa mchele. Akaenda naye sokoni Tandale, akarudi amejua bei na matusi mawili. Akala tulichokula. Hakupiga picha mpaka wewe mwenyewe ulipomwomba, na ulivaa gauni la njano, japo lilikuwa limeshakubana.

Siku ya kuondoka, nusu ya mtaa ilimsindikiza mpaka barabara ya Morogoro. Mama yako begi, wewe kikapu, mie maneno. Tukaagana, tukageuka. Hatua chache tunasikia kandambili nyuma yetu. Ni Katarina na begi lake. Tukamuuliza amesahau nini.

Akasema, "Nawasindikiza."

Adabu alishaijua, alichokuwa hajajua ni inaishia wapi. Tutafanyaje? Tukarudi naye mpaka dukani kwa Mpemba, na kwa kuwa sasa yeye ndiye mgeni tena na begi amelibeba, ikabidi tumpokee na kumsindikiza upya. Barabarani akageuka tena. Mpemba akafunga duka akaja kutazama. Mwisho mama yako alimshika mabega akamgeuza upande wa gari, watu wamekaa chini kwa kucheka, na mie sitaki kukudanganya, machozi yangu hayakuwa yote ya kicheko.

Tangu siku ile nina kipimo changu. Mgeni simuulizi alileta nini. Naangalia alisindikizwa mpaka wapi, na begi lilibebwa na nani. Lile kundi zima lililotujengea darasa lilisindikizwa na vumbi. Aliyesindikizwa mpaka barabarani, mara mbili, ni yule aliyetupembulia mchele vibaya. Darasa nalo bado lipo, nisilidhulumu, watoto wanasoma humo na paa halivuji. Nasema tu kwamba hatukumsindikiza kwa ajili ya paa.

Basi nenda, Tausi. Jengeni hiyo shule na mjenge vizuri. Fulana yenu ivae kazini, zege halichagui. Lakini siku ya kuanza kutembea ivue, uiweke chini ya begi, uwe msichana wa Tandale anayeuliza njia. Lipa nauli yako. Mtu akikuambia karibu wakati anakula, usihesabu vinywa vilivyopo ukaamua kwa niaba yake kwamba chakula hakitoshi. Onja. Bibi akikupa kazi isiyo na maana, ifanye. Tafuta wazee wa Mueda wanaokumbuka mwanamke aliyeondoka na chungu. Ukikuta hakuna anayekumbuka, kaa nao hivyo hivyo. Na ukishatembea kote, kabla hujarudi, pitia tena pale mlipojenga. Peke yako, bila mratibu, bila kitu mkononi isipokuwa matunda ya njiani. Piga hodi usubiri. Siku hiyo ukitoka, ndipo utajua kama ulikuwa umekwenda.

Nami nitakuuliza hilo tu ukirudi. Sitauliza madarasa mangapi wala bahari ikoje. Nitauliza walikusindikiza mpaka wapi.

Lile fungu la nguo zilizochanika usilitafute, nimelichukua mie leo alfajiri, liko hapa gerejini na mafundi wameshafutia grisi. Mama yako amekuwekea doti ya kanga mpya katikati ya nguo zako, ya kumpa mwanamke utakayemwona anafanana na bibi. Ni mpya kabisa, bado ina gundi ya kiwandani, na mkono wa juu na wa chini hapo hakuna. Unampa kama unavyompa shangazi. Lile gauni la njano nalo bado lipo kabatini, mama yako amelitunza miaka yote. Hilo halisafiri.

Na lile neno langu la Jumapili nalirudisha. Usilitafutie maana wala usinijibu, nikitoka gerejini nitakuta unapiga pasi na tutazungumza habari za meli kama watu wazima wanaoogopana. Barua hii nitaipenyeza chini ya mlango wako usiku, na kesho asubuhi ukitoka chumbani begi usiliguse. Litakuwa begani kwangu. Nitalibeba mpaka geti la bandari, na askari akisema mzee mwisho hapa nitampigia Kiingereza cha matairi mpaka anipishe hatua kumi zaidi. Nikigeuka kurudi, usinifuate.

Au nifuate, mpaka pale kwa muuza kahawa. Halafu nitakurudisha.

Baba yako